Kinyungu cha uani: mboga za Ipogolo bila kuugusa mto

Abiria wa mabasi ya Dar es Salaam na Mbeya wanaijua Ipogolo kwa upande mmoja tu, ule wa barabarani. Ni pale chini, ukishapita Kitonga na Ilula, ambapo barabara kuu ya TANZAM inaachana na ile inayopanda mlima kuingia Iringa mjini. Malori yamepangana, gereji zimejaa, mahindi yanachomwa, bodaboda wanamgombea kila anayeshuka na mzigo. Basi linakaa kidogo, linaondoka. Nyuma ya maduka na gereji hizo unapita mto Ruaha Mdogo, na bila mto huo habari ya bustani za Ipogolo haielezeki.

Ruaha Mdogo unaanzia kwenye nyanda za juu za Mufindi. Unapita Ipogolo, unapita Kalenga palipokuwa na ngome ya Mtwa Mkwawa, unaingia Ruaha Mkuu, kisha maji yake yanakwenda kuzungusha mitambo ya Mtera yenye megawati 80 na ya Kidatu yenye megawati 204. Lakini kabla ya kumfikia yeyote huko chini, mji wa Iringa wenyewe unaunywa. Mamlaka ya maji, IRUWASA, inachota humo maji ya mji ambao kwa sensa ya 2012 ulikuwa na watu 151,345 na kwa ile ya 2022 umevuka 200,000. Mto haukuongezeka.

Kwa miaka mingi mboga za kiangazi za ukanda huu zimetoka kwenye vinyungu. Kwa msomaji asiyeijua Iringa: kinyungu ni shamba dogo la bondeni, kando ya mto au kwenye ardhi yenye unyevu, linalolimwa mvua zikishakatika. Mkulima anachimba mifereji ya kutoa maji yaliyozidi, udongo anaupandisha uwe tuta, magugu anayafukia humohumo yaoze. Halafu anapanda mahindi ya kuchoma, maharage, njegere, kabichi, chainizi. Mwezi wa tisa, wakati huku juu kila kitu kimekuwa rangi ya vumbi, kinyungu kimesimama kijani. Karo za shule nyingi za mkoa wa Iringa na Njombe zimetoka huko, na mtu anayelidharau jambo hilo hajawahi kuwa na mtoto wa sekondari mwezi wa Januari.

Kisha ikaja Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Kifungu chake cha 57 kinazuia, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa, shughuli za kudumu za binadamu au zile zinazoweza kuhatarisha hifadhi ya chanzo hicho. Mita 60 ukizipima bondeni ndizo hasa zenye unyevu, yaani ndipo kinyungu kilipo. Ugomvi ukaanza, ukafika hadi bungeni, na haujaisha. Mkulima anauliza watoto wale nini. Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, ambayo makao yake yako hapahapa Iringa, inaangalia mto. Kila upande una hoja yake, na mimi sioni aibu kusema nina huruma na wote wawili.

Ila hesabu ya mto ni ngumu kuipinga. Kinyungu kimoja cha mama mmoja hakiui mto. Vinyungu mamia, kila kimoja na mfereji wake, kila kimoja kikipigwa dawa mara moja kwa wiki na kumwagiwa urea ambayo mvua ya kwanza ya Novemba inaikokota yote kwenda chini, ni jambo lingine. Anayepiga dawa kabichi hatua 20 kutoka kwenye maji anaipiga karibu sana na sufuria ya mwenzake wa mjini, aliye Kihesa au Mwangata.

Hapo ndipo bustani ya uani inapopata maana yake katika mji huu. Kwingineko duniani wapo wanaolima nyuma ya nyumba kujiburudisha, au kujisikia vizuri kwamba wameisaidia dunia. Hapa Ipogolo mtu anayetoa mboga zake za siku kwenye matuta mawili ya uani ana tuta moja dogo analolipunguza bondeni. Hahitaji kuwa mwanamazingira. Anahitaji kujua mambo machache, na la kwanza ni maji, kwa sababu uani hakuna unyevu wa bure kama wa kinyungu.

Kabla ya maji, tuseme kidogo habari ya chakula, maana kuna takwimu inayotakiwa kumkosesha usingizi kila kiongozi wa mkoa. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 56.9 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Iringa wamedumaa. Wastani wa nchi ni asilimia 30. Iringa iliongoza, ikifuatiwa na Njombe na Rukwa. Mikoa inayolisha nchi mahindi, viazi na maharage ndiyo yenye watoto wafupi kuliko umri wao. Tena si mkoa uliosahauliwa na wataalamu. Ni hapa, mwaka 1972, Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa na kutoa azimio la Siasa ni Kilimo. Ni hapa pia, kuanzia mwaka 1983, vijiji 168 viliingizwa kwenye mpango wa lishe wa UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kina mama wakapeleka watoto kupimwa uzito kijijini kwao na wanakijiji wenyewe wakajadili kwa nini mtoto wa fulani hakui. Mpango ule ulisifika duniani kote. Kutokana nao UNICEF ilitengeneza namna yake ya kueleza utapiamlo kwa mambo matatu yanayokwenda pamoja: chakula, afya na matunzo.

Kwa hiyo nisije nikauza bustani kama dawa ya udumavu. Matuta mawili ya figiri hayaondoi kuhara, hayampi mama nafasi ya kumnyonyesha mtoto, wala hayaweki yai kwenye uji. Lakini katika yale matatu, bustani iliyo mlangoni inagusa mawili kwa mpigo. Inaweka majani ya kijani kwenye ugali wa kila siku, na inamwondolea mama safari ya bondeni na jembe begani huku mtoto wa miezi minane akibaki na dada yake wa miaka saba. Hilo la pili halitajwi sana, nami naliona ndilo kubwa.

Sasa maji. Mvua ya Iringa ni ya msimu mmoja. Inaanza Novemba ikisitasita, inakuwa ya kweli Desemba, inakoma Aprili au mwanzoni mwa Mei. Mwaka wa kawaida hutoa milimita 600 hadi 700 na ushee, ambazo si nyingi. Baada ya hapo ni miezi sita na zaidi ya kiangazi, nusu yake baridi, nusu yake upepo na vumbi.

Tuta la mboga la mita moja kwa tano linataka kiasi cha lita 25 kwa siku wakati wa kiangazi, yaani lita tano kwa kila mita ya mraba. Matuta mawili ni lita 50. Kiangazi cha siku 200 kitakula lita 10,000. Sasa tazama bati. Nyumba ya mita nane kwa sita ina paa la mita za mraba 48, na kila milimita moja ya mvua inayoangukia mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua moja nzito ya milimita 25 ikikutana na gata inajaza simtanki la lita 1,000 karibu lote, hata ukitoa kinachomwagika. Kwa msimu mzima paa hilo linaweza kukupa zaidi ya lita 20,000. Habari njema inaishia hapo, kwa sababu maji yote hayo yanakuja wakati huyahitaji, na simtanki moja linamaliza haja ya matuta yako kwa siku 20 tu. Ungehitaji matanki kumi kuvuka kiangazi. Wanaoshauri watu wa Ipogolo kuvuna maji ya mvua kwa ajili ya bustani mara nyingi hawajafanya hesabu hiyo. Tanki moja ni zuri kwa kunywa na kwa kukuzia miche ya Mei. Bustani ya Septemba inataka maji mengine.

Maji hayo mengine yapo, yanamwagwa kila jioni kwenye mfereji wa nje. Familia ya watu watano ikioga, ikifua na kuosha vyombo haikosi kumwaga ndoo tatu nne kwa siku. Ndoo tatu za lita 20 ni lita 60, na matuta yetu yalikuwa yanataka 50.

Ukitaka kuona inavyofanyika, nenda nyuma ya nyumba yoyote yenye migomba minene kupita kiasi, halafu angalia chini. Utakuta shimo la duara, upana wake kama mita moja na nusu, kina chake kinafika gotini, limejazwa mabua, majani makavu, maganda ya viazi na matawi yaliyokatwa. Migomba mitatu au minne imepandwa ukingoni, katikati yake pengine mpapai, na magimbi upande wa chini. Kando ya shimo kuna ndoo kuukuu iliyotobolewa chini, ndani yake kokoto, juu ya kokoto mchanga, juu ya mchanga kipande cha neti. Beseni la vyombo linapomwagwa pale, neti inashika ukoko wa ugali na mafuta, mchanga unashika mengine, maji yanashuka shimoni. Ile neti inakung'utwa kuku wanakula. Shimo lenyewe linazama kadiri takataka zinavyooza na linajazwa tena. Halinuki, kwa sababu maji hayasimami.

Kuna miiko yake. Maji ya kufulia kwa sabuni ya unga yana chumvichumvi zinazofanya udongo ugande ukiyamwaga sehemu moja kila siku, kwa hiyo yazungushe: leo migomba, kesho mwembe, keshokutwa ua. Yenye dawa ya kung'arisha nguo nyeupe yasiguse mmea wowote. Maji ya kuoshea nepi yaende chooni. Mboga za majani, ambazo pengine zitaliwa zikiwa hazijaiva sawasawa, zipewe maji ya kusuuzia mchele, ya kuoshea mboga nyingine, na ya kusuuza vyombo mara ya mwisho. Na hakuna maji machafu ya kulaza kwenye ndoo mpaka kesho. Yatavunda, na mbu watayapenda.

Kinachopunguza kazi ya maji kuliko yote ni matandazo. Tuta lililofunikwa nyasi kavu unene wa vidole vinne linakaa na unyevu siku mbili zaidi ya lile lililo wazi, jua la Oktoba likiwa kali namna ile. Ipogolo haikosi cha kutandaza: maganda ya maharage, mabua yaliyokatwakatwa, majani ya migomba. Maranda ya mbao pia yanapatikana kwa magunia, kwani mkoa huu ndio wa msitu wa Sao Hill. Maranda yabaki juu ya udongo lakini. Ukiyachimbia ndani yakiwa mabichi, vijidudu vinavyoyaozesha vinakula naitrojeni yote ya udongo na mboga inageuka njano. Maranda yaliyotoka kwenye banda la kuku, yamekaa miezi kadhaa na kinyesi chake, hayo ni mali.

Udongo wa Ipogolo unatofautiana nyumba kwa nyumba. Karibu na mto ni mweusi na mzito. Ukisogea kwenye mteremko chini ya mji, ni mwekundu wenye mchanga uliotokana na yale majabali yaliyotapakaa Iringa nzima, na mvua kubwa ikishuka mlimani inaondoka nao. Wanaokaa huko waige waliotangulia. Wamatengo wa Mbinga wamelima ngoro kwenye miteremko mikali kwa vizazi: nyasi zinalazwa kwa mistari inayokatana, udongo unachimbwa katikati na kufukia zile nyasi, linabaki shamba la vishimo ambalo maji hayapati njia ya kukimbilia. Uani huhitaji ngoro nzima. Vishimo vichache juu ya matuta na tuta lililolala kukatisha mteremko vinatosha kuyafanya maji yatembee badala ya kukimbia.

Na wanaopakana na gereji wasipande mboga mahali palipomwagwa oili chafu, hata kama nyasi zimeshaota tena. Sehemu hiyo iachiwe ua la miti, mboga ziende upande mwingine wa nyumba.

Mboji ndiyo moyo wa mambo, na ndiyo inayowashinda wengi, kwa sababu wanaiita mboji kumbe ni jalala. Lundo la maganda na mifuko ya maziwa lililotupwa kona halitaoza vizuri hata mwaka. Biwi la mboji linajengwa. Chini weka vijiti na mabua ili hewa ipite. Juu yake majani makavu, halafu kitu kibichi kama maganda na magugu yasiyo na mbegu, halafu samadi kidogo, koleo la udongo, konzi ya majivu, maji. Rudia mpaka lifike mita moja kwenda juu, na upana wake usipungue hapo, kwani biwi dogo halipati moto. Mji huu una kitu kingine cha kuongezea ambacho wengi wanakimwaga: machicha ya pombe. Kilabu cha komoni kilicho jirani kitakupa ndoo bure, ilimradi uwahi kabla ya wafuga nguruwe.

Halafu chomeka fimbo ndefu katikati, iache humo. Hiyo ndiyo mita yako. Baada ya siku tatu au nne ichomoe na uishike sehemu iliyokuwa ndani. Ikiwa ya moto kiasi cha kukufanya uiachie, biwi linafanya kazi. Ikiwa ya baridi na kavu, ongeza maji. Ikiwa ya baridi na inanuka, maji yamezidi, lipindue uongeze makavu. Asubuhi ya Juni, wakati Ipogolo imefunikwa ukungu na watu wamejifunga mashuka, biwi zuri likifunuliwa linatoa mvuke kama chungu cha makande. Hiyo ni asubuhi nzuri ya kulipindua, maana mikono inapata joto. Wiki ya tatu lipindue, wiki ya sita tena, mwezi wa tatu anza kutumia. Miezi ya baridi huongeza wiki kadhaa, usilazimishe.

Anayetaka kujifunza zaidi ana pa kusoma. Jarida la Mkulima Mbunifu limekuwa likitoka kwa Kiswahili tangu 2011, na sehemu kubwa ya mambo yake ni haya haya ya mboji, samadi na dawa za asili. Morogoro kuna Sustainable Agriculture Tanzania wanaofundisha kilimo hai kwa vitendo. Na kilimo cha mjini si jambo geni kwa sheria: kanuni za kilimo cha mijini za mwaka 1992 ziliweka ukomo wa ekari tatu kwa mtu mmoja, eneo ambalo viwanja vya Ipogolo havitalikaribia.

Nipande nini? Hapa watu huanza na nyanya, na hapa ndipo wanapokata tamaa. Nyanya ya Iringa ni biashara kubwa, muulize yeyote wa Ilula, lakini ni zao lenye maadui wengi kuliko yote. Mvua na baridi vinaleta bakajani, ambayo inaweza kumaliza shina zima kwa wiki. Tangu 2014 amekuja kantangaze, yule nondo mdogo ambaye kiwavi wake anajichimbia ndani ya jani na ndani ya tunda, dawa inapita juu yeye yuko chumbani. Anayeanza aache nyanya kwa mwaka wa kwanza. Aanze na mboga za majani. Wakati wa baridi, Mei hadi Agosti, chainizi, figiri, sukuma wiki, spinachi na karoti zinapendeza, lakini mchicha unadumaa na kutoa maua mapema. Joto likirudi Septemba, mchicha unafurahi tena, na mnafu pia. Maboga yapandwe kwenye shimo la migomba yatambae yanakotaka; majani yake ndiyo mboga, boga lenyewe ni nyongeza.

Mbegu za mboga za asili zimetafitiwa na watu wetu, jambo ambalo wauza pembejeo wengi hawalitangazi kwa sababu halina faida kubwa kwao. Arusha, kupitia kituo cha utafiti wa mboga kilichopo Tengeru na wenzao wa serikali, zimetoka aina za mnafu zinazoitwa Nduruma na Olevolosi, na mchicha wa Madiira. Zote unaweza kuchukua mbegu zake mwenyewe msimu unaofuata. Kwa mchicha, acha mashina mawili matatu yaliyo bora yazae na kukauka, pukuta, anika kivulini, funga kwenye karatasi na majivu kidogo.

Wadudu watakuja. Vidukari kwenye sukuma wiki huanzia kwenye majani machanga ya katikati, wamejibanza chini ya jani wakiwa na rangi ya kijivu. Ukiwaona mapema, kidole na maji vinatosha. Wakizidi, kijiko kimoja cha sabuni ya maji kwenye lita moja ya maji, pulizia chini ya majani jioni, kesho yake osha. Sota, yule anayekata mche shingoni usiku ukaukuta umelala asubuhi, hana dawa nzuri kuliko kumfukua kwa kijiti pembeni ya mche aliouangusha. Huwa hajaenda mbali.

Kuhusu dawa za mimea nina neno la tahadhari. Kila semina inataja mwarobaini, lakini mwarobaini ni mti wa joto. Huku kwenye baridi haustawi, na mbegu zake zinabidi zitoke Dodoma au Pwani. Kinachoota vizuri nyanda za juu ni utupa. Majani yake yakitwangwa na kulowekwa usiku kucha yanaua wadudu kweli. Yanaua pia samaki. Wavuvi wa mito wamelijua hilo tangu zamani, wakiutumia kulevya samaki kwenye vidimbwi. Sasa fikiria mtu amepulizia utupa, halafu kwa roho safi kabisa, akiamini ametumia dawa ya asili isiyo na madhara, anakwenda kuoshea bomba lake la kupulizia Ruaha Mdogo. Sumu haina habari kama ilitoka kwenye jani au kiwandani. Oshea bomba uani, maji yake mwaga kwenye udongo mkavu mbali na kisima. Na anayevuta sigara anawe mikono kabla ya kushika miche ya nyanya au hoho, kwa kuwa tumbaku huhamisha ugonjwa wa virusi unaotia majani ya mimea hiyo mabaka.

Limebaki suala la gunia. Ile bustani ya gunia lenye matundu ubavuni na nguzo ya kokoto katikati imekuwa maarufu mno katika semina na maonyesho ya Nane Nane, na sina ugomvi na wazo lake. Nina ugomvi na gunia. Yale ya sandarusi tunayotumia, yaliyokuwa ya mchele au sukari, hayavumilii jua. Baada ya msimu mmoja au miwili yanaanza kuchanika nyuzinyuzi, na zile nyuzi zinaingia kwenye udongo ambao ulitaka uwe safi, zinapeperuka, zinashuka na mvua hadi unakokujua. Tulipiga marufuku mifuko ya plastiki Juni 1, 2019, tukaruhusu ile ya kilimo kwa sababu za msingi, lakini ruhusa ya sheria haiyafanyi magunia yaoze. Matairi chakavu, ambayo Ipogolo inayo kuliko mahali popote mkoani, mimi ningeyaachia maua.

Badala yake kuna tenga. Mkoa wa mianzi, wenye watu wanaosuka matenga ya nyanya tangu wangali watoto, hauna sababu ya kupanda mboga kwenye sandarusi. Tenga lililochoka kubeba nyanya, ukilitandika ndani majani makavu ya mgomba na kulijaza mchanganyiko wa udongo, mboji na samadi iliyoiva, linabeba mashina sita ya sukuma wiki au kichaka kizuri cha figiri. Litaoza baada ya mwaka au miwili. Linapooza linakwenda kwenye biwi na lililokuwa ndani yake. Kwa miche, kata maganda ya mgomba, yakunje vikombe, funga kwa kamba yake yenyewe. Siku ya kuhamishia shambani unapanda na kikombe chake.

Tenga lina faida nyingine, inayowahusu wakazi wa Ipogolo ambao hawajajenga na wanapanga chumba na sebule. Mpangaji ana sababu nzuri ya kutopanda kitu: mboji inachukua miezi mitatu, mgomba zaidi ya mwaka, na mwenye nyumba anaweza kumwambia ahame mwezi ujao. Anayetaka kuchimba shimo la migomba kwenye uwanja usio wake azungumze kwanza na mwenye nyumba, na waelewane mkungu ni wa nani. Asipoelewana naye aache migomba, apange matenga manne kando ya ukuta unaopata jua la asubuhi, pasipofikiwa na kuku. Kodi ikipanda na ikabidi kuhama, matenga yanaingia kwenye kirikuu pamoja na kitanda na godoro, na jioni hiyohiyo yanamwagiwa maji ya vyombo kwenye nyumba mpya.